Kinga Inapoila Damu: Kumtunza Paka Mgonjwa na Funzo la Simba wa Serengeti

Mhadhara wa umma, Lupingu, Wilaya ya Ludewa, Mkoa wa Njombe

 

Daktari wa mifugo akialikwa kuzungumza mbele ya watu, hutarajiwa aseme juu ya ng'ombe, nguruwe au kuku. Leo nitasema juu ya paka. Hapa Lupingu, kati ya milima ya Livingstone na maji ya Ziwa Nyasa, paka ana kazi. Analinda mahindi na muhogo uliokaushwa, analinda usipa kabla hawajapata mnunuzi, na analinda nyavu ambazo panya akizitoboa mvuvi hulala njaa. Hata hivyo, wakati wa kuhesabu mifugo ya kaya, paka hahesabiwi, na anapougua mara nyingi huachwa ajifie mvunguni.

Ugonjwa nitakaouzungumzia ni upungufu wa damu unaotokea pale kinga ya mwili inapoziharibu seli nyekundu za damu ya mwili huo huo. Nina hoja moja, na nitaieleza mapema ili mnipime kwayo: mbele ya paka wa namna hii, kabla ya kuizima kinga yake, tafuta kilichoichokoza. Atakayeruka hatua hiyo anaweza kumuua paka kwa dawa ambayo ingemponya.

Damu na mlinzi wake

Seli nyekundu ya binadamu huishi takriban siku 120. Ya paka huishi takriban siku 70. Seli ikizeeka, bandama na ini huiondoa taratibu, chuma kilichomo hutunzwa, na uboho wa mifupa hukitumia kutengeneza seli mpya. Kazi hiyo huendelea usiku na mchana bila mwenye mwili kujua.

Katika ugonjwa huu, antibodi, yaani zile protini ambazo mwili huzitengeneza ili kuwanasa wavamizi, hujibandika juu ya seli nyekundu zenyewe. Bandama ikikutana na seli iliyobandikwa alama hiyo huimeza, hata kama bado ni changa. Nyingine hupasuka ndani ya mishipa, na mkojo ukageuka rangi nyeusi au nyekundu. Masalia ya hemoglobini huzalisha bilirubini kupita uwezo wa ini, na paka akawa wa manjano. Uboho hujitahidi kufidia, lakini huhitaji siku 3 hadi 5 kabla seli changa hazijaanza kuonekana kwa wingi katika damu. Siku hizo chache ndizo zinazoua.

Wataalamu wenyewe walichelewa kukubali kwamba jambo hili linawezekana. Mwanzoni mwa karne ya 20, Paul Ehrlich wa Ujerumani alifundisha kwamba mwili una njia ya kujizuia usijidhuru. Mwaka 1904, Julius Donath na Karl Landsteiner wakaonyesha wagonjwa ambao damu yao iliharibiwa na kitu kilichomo ndani ya damu hiyo hiyo. Landsteiner ndiye aliyekwisha kugundua makundi ya damu ya binadamu mwaka 1901. Mwaka 1945, Robin Coombs na wenzake Arthur Mourant na Rob Race walitangaza kipimo cha kuzionyesha antibodi zilizojibandika juu ya seli nyekundu. Napenda wanafunzi waliopo hapa wajue kwamba Coombs alisomea udaktari wa mifugo, kule Edinburgh. Kipimo chenye jina lake kinatumika hadi leo katika hospitali za watu na katika kliniki za wanyama.

Kinachoichokoza kinga

Kwa baadhi ya paka, hata kitafutwe namna gani, chanzo hakionekani. Hao tunasema kinga yao imewageukia yenyewe. Lakini kwa paka wengi kuna mchokozi, na wachokozi wakubwa tunawafahamu.

Wa kwanza ni bakteria mdogo mno aitwaye Mycoplasma haemofelis. Hujishikiza juu ya ngozi ya seli nyekundu na kuibadilisha sura, hata kinga ikaiona seli hiyo kama mgeni. Kinga inapomlenga bakteria, huiangamiza na seli. Viroboto wanashukiwa sana kumhamisha kutoka paka hadi paka, na paka dume wanaozurura na kupigana ndio wanaopatikana naye zaidi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa paka huyu kikulacho kimo katika manyoya na kimo katika damu pia.

Wachokozi wengine ni virusi vya lukemia ya paka na virusi vinavyopunguza kinga ya paka, ambavyo ni jamaa ya virusi vya UKIMWI. Niwatoe hofu: virusi hivyo vya paka havimwambukizi binadamu. Paka huambukizana kwa kuumana, na vile vya lukemia huenea pia kwa kulambana na kula chombo kimoja. Halafu kuna saratani, na kuna baadhi ya dawa.

Kuwatambua wachokozi hawa kuna uzito kwa sababu tiba zinapingana. Bakteria huuawa kwa dawa ya kuua bakteria. Kinga iliyogeuka hutulizwa kwa dawa ya kuishusha. Ukiishusha kinga ya paka ambaye bado amebeba mchokozi, umemfungulia mchokozi mlango.

Simba wa Serengeti

Hili si la kufikirika. Taifa letu limeliona kwa macho, tena kwa paka mkubwa kuliko wote wa Afrika.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka na kutetemeka kwa degedege. Kabla janga halijatulia, karibu simba 1,000 walikuwa wamekufa, yaani theluthi moja hivi ya simba wote wa eneo lile. Chanzo kilichotajwa kilikuwa virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa. Mwaka 2001 janga kama hilo likawapata simba wa Bonde la Ngorongoro.

Lakini palibaki fumbo. Damu ya simba iliyohifadhiwa kwa miaka mingi ilionyesha kwamba virusi vile vile vilikwisha kupita mara kadhaa katika nyakati nyingine, na simba hawakufa kwa wingi. Kwa nini 1994 na 2001 waliangamia?

Jibu lilichapishwa mwaka 2008 na kundi la watafiti lililoongozwa na Linda Munson, na miongoni mwao alikuwamo Mtanzania, Dkt. Titus Mlengeya, aliyekuwa daktari wa wanyama wa Hifadhi za Taifa. Majanga yote mawili yalitanguliwa na ukame mkali. Nyati walidhoofu na kujaa kupe, na simba wakawala nyati hao kwa wingi. Kupe hueneza Babesia, kimelea kinachoishi ndani ya seli nyekundu za damu. Kwa kawaida simba huishi nacho bila kuugua, kwa kuwa kinga yao hukidhibiti. Safari hii kilikuwa kingi kupita kawaida, na virusi vya distempa vilikuja vikaishusha kinga iliyokuwa ikikizuia. Kimelea kikafumuka katika damu, simba wakafa.

Angalieni vizuri. Kwa simba kinga ilishuka. Kwa paka wetu kinga imepanda kupita kiasi. Ni hali mbili zinazokwenda kinyume. Lakini daktari anapompa paka prednisoloni ili kuituliza kinga, anafanya kwa makusudi kile ambacho distempa iliwafanyia simba: anaishusha kinga. Ikiwa ndani ya damu kuna kimelea kilichojificha na hakikutafutwa, Serengeti ya 1994 inaweza kujirudia katika mwili wa paka mmoja, juu ya mkeka, ndani ya nyumba moja hapa Lupingu.

Kumtambua na kumpima

Paka huficha ugonjwa, kwa hiyo mumfuate ninyi. Mfunueni mdomo mtazame ufizi. Wa paka mzima ni wa waridi. Wa paka aliyeishiwa damu ni mweupe, na ukiwa na umanjano, damu inaharibiwa ndani kwa ndani. Mtazameni anavyopumua akiwa amelala: paka mwenye afya hapumui zaidi ya mara 30 hivi kwa dakika. Paka anayelamba ukuta au kula udongo, anayejitenga, asiyeruka tena pale alipozoea kuruka, achunguzwe siku hiyo hiyo. Akihema kwa mdomo wazi, hiyo ni dharura.

Kipimo cha kwanza ni tone la damu, kipande cha kioo na hadubini, vifaa vile vile vinavyotumika kumtafuta mdudu wa malaria. Lakini yako mambo mawili ya kuzingatia. Damu ipakwe kwenye kioo ikiwa mbichi, kwa sababu Mycoplasma hubanduka kutoka kwenye seli damu ikikaa kwenye chupa. Na ichukuliwe kabla paka hajapewa dawa. Hata hivyo bakteria huyu huja na kutoweka katika damu, hivyo kioo kisicho na kitu hakimwondolei paka shaka. Afisa mifugo anaweza kutuma sampuli kwa Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, yenye kituo Iringa. Kwa paka mzima, seli nyekundu huchukua takriban asilimia 25 hadi 45 ya ujazo wa damu; kipimo hicho kirudiwe kadiri tiba inavyoendelea.

Kumlea

Dhidi ya Mycoplasma dawa inayotegemewa ni doksisaiklini, kwa wiki kadhaa. Kidonge chake kikikwama katika koo la paka huunguza na kuacha kovu linaloziba njia ya chakula, kwa hiyo kila kidonge kifuatwe na maji au chakula laini. Kinga ikihitaji kutulizwa, hutumika prednisoloni, na kipimo hupangwa na daktari kwa uzito wa paka. Hapa ndipo wengi hukosea: paka akianza kula na kucheza, dawa inaachwa. Prednisoloni haikatwi ghafla. Hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa wiki na miezi, huku damu ikipimwa, kwa sababu ugonjwa huu hurudi.

Kuongezewa damu kunaweza kumwokoa paka aliye mahututi, ila paka nao wana makundi: A, B, na AB lililo adimu. Paka wa kundi B huwa na silaha kali dhidi ya damu ya kundi A. Akipewa damu hiyo anaweza kufa hata kama ni mara yake ya kwanza kuongezewa. Damu ya paka wa jirani isitumike bila kupimwa.

Wengi watauliza juu ya vidonge vya chuma vya kuongeza damu. Ludewa ni nchi ya chuma, na mlima wa Liganga ni ushahidi. Lakini paka ambaye damu yake inabomolewa ndani ya mwili hajapoteza chuma. Chuma chake bado kiko mwilini kikisubiri kutumika tena. Kinachokosekana ni amani ya kutengeneza seli mpya. Vidonge vya chuma ni vya aliyetokwa damu, au aliyenyonywa na viroboto kwa muda mrefu.

Nyumbani, mpeni mahali pakavu, penye joto na utulivu. Msimkimbize wala kumkaba kwa nguvu. Paka mwenye damu kidogo anaweza kufa kwa purukushani tu. Mpeni nyama au samaki waliochemshwa, wasiotiwa chumvi wala kitunguu. Ugali mtupu haumtoshi, kwa kuwa mwili wa paka umeumbwa kutegemea nyama.

Yako mambo manne ambayo sitaki mama yeyote hapa ayasahau. Msimpe paka parasetamoli, hata nusu kidonge, kwani huharibu hemoglobini yake na huua. Msimpe kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa sababu huvunja seli zake nyekundu. Msimpake dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemetrini. Na msimwogeshe kwa dawa ya kupe wa ng'ombe. Viroboto wapigwe vita kwa chanuo lenye meno ya karibu, kwa kufagia kila kona, kwa kufua na kuanika matandiko yake juani, na kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya paka.

Wajibu wetu

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe anayesikia maumivu, na inamdai anayemfuga amtunze. Lakini sheria haishuki mlima kutoka Ludewa mjini yenyewe. Huletwa na watu.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Afisa mifugo wa kata apatiwe vioo na rangi ya kupaka damu, na asione aibu kumhudumia paka kama anavyomhudumia ng'ombe. Walimu wawafundishe watoto kutazama ufizi wa paka wao kila wiki. Ni sayansi ya kweli, na haina gharama. Na ninyi wenye paka, mkienda kwa mtaalamu naye akatoa dawa mara moja, muulizeni kwa heshima: je, tumekwisha kutafuta kilichoichokoza kinga hii?

Swali hilo si la wasomi peke yao. Watafiti wa Serengeti walilipatia jibu wakati karibu simba elfu moja walikwisha kuzikwa na jua na fisi. Mwenye paka wa Lupingu anaweza kuliuliza mapema, akiwa na mgonjwa bado hai mikononi mwake, na akimwokoa amejiokolea pia ghala lake na wavu wake. Zaidi ya hayo, amemtendea haki kiumbe aliyemtumikia bila mshahara.