Dini, Sheria na Ndoa: Nani Aamue Ndoa ni Nini?

(Mada iliyotolewa katika darsa la vijana baada ya swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu (S.W.T), aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu wa Ramadhan. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.



Swali nililopewa leo ni hili: je, imani ya dini iwe na mkono katika sheria ya nchi inayosema ndoa ni nini? Mlio katika vyuo mwalisikia sana swali hili. Mwenzako darasani akwambia: serikali haina dini, kwa hivyo ndoa iwe ni cheti cha serikali basi, na mambo ya dini yabaki msikitini na kanisani. Ukirudi mtaani wamkuta ndugu mwingine asema kinyume chake: sheria ya nchi yatuhusu nini sisi? Tuna walii, tuna mahari, tuna mashahidi wawili, yatosha. Mimi naona wote wawili wameacha kitu, na inshaallah nitaeleza ni kitu gani.

Kwanza: tumetoka wapi

Hukumu za ndoa kwa sheria ya Kiislamu hazikuletwa Kenya juzi. Makadhi walikuwako hapa pwani kabla ya Mwingereza. Alipochukua usimamizi wa ukanda wa maili kumi kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar mwaka 1895, aliwakuta wakihukumu ndoa, talaka na mirathi, na akawaacha. Mwaka 1963, karibu na uhuru, Kenya ikakubaliana tena na Sultani kuwa pwani itakuwa sehemu ya nchi na mahakama za makadhi zitalindwa.

Kwa hivyo mtu akisema ati Waislamu wametafuta upendeleo mpya, mwambie kwa upole asome historia.

Pamoja na hayo, haki hii haikukaa salama siku zote. Mwezi wa Mei 2010 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema kuwa mahakama za makadhi katika katiba ya zamani zagongana na msingi wa nchi isiyokuwa na dini rasmi. Wakati huohuo makanisa mengi yalikuwa yakipiga kampeni dhidi ya katiba mpya, na makadhi wakiwa moja ya sababu. Kura ikapigwa tarehe 4 Agosti 2010, Wakenya wengi wakaikubali, na katika hao wengi walikuwa ni Wakristo. Hilo tulikumbuke. Haki yetu ilipita kwa kura za majirani zetu.

Pili: sheria yasemaje leo

Kifungu cha 8 cha Katiba chasema hakuna dini ya taifa. Lakini kifungu cha 45 chaitaka Bunge itambue ndoa zilizofungwa kwa mila au kwa dini. Kifungu chicho hicho chasema mtu mzima ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari ya wote wawili. Kifungu cha 170 kinaweka Kadhi Mkuu na makadhi wengine, lakini kwa sharti: wenye kesi wote wawe Waislamu, na wote wakubali kuhukumiwa hapo.

Halafu ikaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, inayotambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ya Kikristo, ya Kihindu na ya kiserikali ni ya mke mmoja. Ya Kiislamu na ya kimila zaruhusu zaidi ya mmoja. Na imeandikwa waziwazi kuwa kipengele chochote cha sheria hiyo kinachopingana na sheria ya Kiislamu hakimhusu Mwislamu.

Sasa tazameni. Serikali haikuchagua dini moja ikawalazimisha watu wote. Wala haikusema dini zote ziondoke. Imefungua milango mitano chini ya paa moja, kila mtu aingie kwa mlango wake.

Tatu: jibu kwa mwenzako wa chuoni

Huyu ana hoja moja ya haki, nayo tusiikimbie. Auliza: dini ikiingia katika sheria, ni dini ipi? Ikiwa wengi ni Wakristo, je, wakipitisha sheria kuwa kila ndoa Kenya ni ya mke mmoja, mtakubali? Bila shaka hatutakubali. Basi na sisi hatuwezi kutaka Mkristo wa Kakamega aolewe kwa masharti yetu. Hata Mtume (S.A.W) pale Madina, Mayahudi walikuwa na hukumu zao, na katika Surat al-Maidah alipewa hiari: wakimjia awahukumu au awaache.

Lakini hoja hiyohiyo yamrudia mwenyewe. Kusema ndoa ni cheti cha serikali tu, nako pia ni kuchagua. Anayeamini kuwa ndoa ni ibada, na kwamba mahari ni haki ya mke, akiambiwa hayo hayana maana mbele ya hakimu, huyo amelazimishwa kufuata itikadi ya mwingine. Mwanamke wa Kiislamu anayedai mahari yake au masurufu ya eda ataka hakimu anayejua anadai nini.

Nne: jibu kwa ndugu wa mtaani

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana hapa ni kwetu.

Ndugu, sheria imetupa mlango, lakini mlango una daftari. Imamu, sheikh au kadhi anayefungisha nikahi awe ameidhinishwa na msajili, aandike, atoe cheti, na apeleke kumbukumbu. Wangapi wetu wafanya hivyo? Nikahi za chumbani, mashahidi ni marafiki wawili, baada ya miaka mitatu mume amehama mji au amefariki. Mke aenda kudai, aulizwa: cheti kiko wapi? Jamaa za mume wasema hawamjui. Mtoto ataka cheti cha kuzaliwa chenye jina la babake, mama ahangaika ofisi hadi ofisi. Huyu amedhulumiwa na sisi, wala si na serikali.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Surat al-Baqarah, ni ya kuandika deni. Mkopo wa pesa tumeamrishwa tuuandike, sembuse ndoa, ambayo Allah ameiita ahadi nzito? Wazee wetu nao walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

La pili ni ridhaa. Khansaa bint Khidham (R.A) aliozwa na babake bila kutaka, akamwendea Mtume (S.A.W), na Mtume akaivunja ndoa ile. Basi mzazi anayemtoa binti yake shuleni kwa nguvu amwoze asiseme ni dini. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imekataza kumwoza mtoto, na mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kila kesi ya namna hii ikifika magazetini, wanaotaka makadhi waondolewe wapata silaha, na sisi ndio tumewakabidhi.

La tatu, tujue kuwa ruhusa tuliyopewa ina mipaka. Kifungu cha 24 chasema usawa wapunguzwa kwa kadiri ya lazima tu, katika mambo ya Waislamu mbele ya kadhi. Juni 2025 Mahakama ya Juu ilikataa hoja kuwa watoto wa marehemu Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa wanyimwe urithi kwa sababu hiyo. Wanavyuoni wetu wana maneno yao juu ya hukumu hiyo, na waseme kwa elimu. Lakini somo kwa kijana ni jepesi kufahamu: ndoa yako ukiiacha gizani, watakaofikishwa mahakamani ni watoto wako.

Nasaha ya mwisho

Vijana, wengi wenu mwangoja Idi mfunge nikahi. Mola awabariki. Kabla ya kuulizia ukumbi na pilau, muulize sheikh: je, una idhini ya msajili? Dada, muulize walii wako mahari yako yameandikwa wapi. Wazazi, muulizeni binti yenu peke yake, faragha, ataka au hataka. Na ikiwa nikahi yako ya miaka iliyopita haina cheti, nenda kwa kadhi Ramadhan hii, uulize jinsi ya kuisajili.

Ewe Mola wetu, zipe nyumba zetu mapenzi na huruma, utujaalie uadilifu kwa wake zetu, waume zetu na watoto wetu, na ukubali saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.