Nukta Kwenye Simu si Hukumu
Hotuba kwa wananchi wa mpakani, Busia



Leo tunataka kuzungumza nanyi kuhusu laini za simu zisizo na mwenye kuzungumza. Zamani laini ilikuwa ya mtu kumpigia mtu. Siku hizi ziko laini zilizofichwa ndani ya vyombo, na vyombo hivyo vinatuma habari vyenyewe, usiku na mchana, kupitia minara ile ile tunayoitumia sisi. Mnaishi navyo. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA, iliyoanzia Kenya, ilianza kuuza kwa mkopo mitambo midogo ya umeme wa jua yenye laini ndani yake. Mteja akilipa, mtambo unafunguliwa kutoka mbali, na asipolipa, unafungwa. Malori mnayoyaona yamepanga foleni hapa yanabeba kufuli za kielektroniki. Na pikipiki nyingi za bodaboda, kazi ambayo jina lake lenyewe husemekana lilizaliwa katika mpaka huu, zimefungwa kifaa cha kufuatilia, ambacho vijana wanakiita traka.

Kifaa hicho kinafanya kazi mbili, na ni vyema kuzitenganisha. Kwanza, kinapokea mawimbi ya setilaiti ili kijue kilipo. Pili, kinatumia laini yake kumweleza mwenye chombo mahali hapo. Kazi ya pili ikikwama, ya kwanza haimfai mtu. Inakwama salio likiisha. Inakwama chombo kikifichwa ndani ya kontena la chuma. Tena inakwama, na hili linatuhusu sisi kuliko watu wa bara, chombo kinapovushwa mpaka na laini yake haikuwekewa huduma ya kutumika nje ya nchi. Pikipiki iko hatua chache ng'ambo, lakini traka imenyamaza kama jiwe.

Wataalamu hawajalala. Mwaka 2016 ulikamilishwa mfumo wa kimataifa uitwao NB-IoT, uliobuniwa kwa ajili ya vifaa vyenye maneno machache ya kusema, kama mita za maji. Vifaa hivyo vinatumia umeme kidogo sana, lengo likiwa betri moja idumu hata miaka 10, na mawimbi yake yanapenya kuta vizuri zaidi. Zipo pia laini zilizounganishwa moja kwa moja ndani ya kifaa, ambazo mwizi hawezi kuzichomoa na kuzitupa. Mwaka 2023 chama cha kimataifa cha kampuni za simu, GSMA, kilitoa kanuni mpya za kurahisisha kazi ya kuibadilishia laini ya namna hiyo mtandao kutoka mbali, bila kifaa kuguswa. Tunayapokea maendeleo haya kwa furaha. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo hakuna kifaa kitakachotufanyia, nalo ndilo lililotuleta mbele yenu.

Pikipiki inapoibwa, mwenyewe hufungua simu na kuona nukta kwenye ramani. Marafiki hukusanyika, hupanda pikipiki zao na kuifuata nukta hiyo. Wakifika, mtu wa kwanza wanayemkuta huwa ndiye mwizi. Ndugu zetu, tafakarini nukta hiyo inasema nini hasa. Mahali pa wazi, setilaiti hukosea kwa mita chache tu. Katikati ya kuta na mabati, kosa linaweza kufika makumi ya mita. Na katika mitaa yetu ya soko, ndani ya eneo hilo mna vyumba kumi na familia kumi. Baadhi ya vifaa, vikikosa setilaiti, hukisia mahali kwa kutumia minara ya simu peke yake, na hapo kosa huwa la mamia ya mita, au hata kilomita kadhaa.

Zaidi ya hayo, traka ikikosa mtandao, ramani hubaki ikionyesha mahali ilipozungumza mara ya mwisho. Nukta imesimama kando ya nyumba ya mjane fulani, kumbe mwizi alipita hapo mbio na mtandao ukakatikia hapo. Mjane hajui lolote. Umati ukimwangukia, au ukamkamata mwanawe, nani atamrudishia uhai wake? Pikipiki hununuliwa nyingine. Na waliompiga watakuwa wauaji mbele ya sheria, hata kama pikipiki waliyoitafuta ilikuwa yao kwa haki.

Tazameni jinsi kufuli za malori zinavyotumiwa. Mwaka 2017 mamlaka za mapato za Uganda, Kenya na Rwanda zilizindua mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo inayopita katika nchi zetu. Kufuli ikifunguliwa njiani, au lori likiacha barabara iliyopangwa, taarifa hufika katika chumba cha uangalizi, na maofisa wenye mafunzo hutumwa kwenda kukagua. Dereva huulizwa, mzigo huhesabiwa. Taarifa ya kufuli huanzisha uchunguzi. Haimtii mtu hatiani. Nukta ya pikipiki yako nayo inastahili kutumiwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo tunawaomba mambo manne. La kwanza, mwulize fundi aliyekufungia kifaa: laini iliyomo imesajiliwa kwa jina la nani, nani hulipia salio, na je, inafanya kazi ng'ambo? Ijaribu kabla hujaibiwa. La pili, chombo kikiibwa, fika kituoni mara moja au piga 999 au 112, ukiwa na namba ya usajili na namba ya chesisi. Iache ramani wazi, uikabidhi kwa ofisa, na utaje saa ambayo nukta ilisogea mara ya mwisho. La tatu, nukta ikivuka mpaka, wewe usivuke kuiwinda. Polisi wa nchi zetu wanashirikiana kupitia EAPCCO, jumuiya ya wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1998, na hapa mpakani maofisa wa pande zote mbili hufanya kazi jirani. Taarifa yako ipite mikononi mwao. Umati unaovuka na marungu huonekana ng'ambo kuwa uvamizi, na jirani mwema hugeuka adui kwa siku moja.

La nne linahusu nyumba zetu. Traka ni ya kulinda mali. Kumfichia mwenzio kifaa ili ujue anakokwenda ni jambo lingine kabisa. Uganda na Kenya zote zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na habari za mahali alipo mtu ni miongoni mwa taarifa hizo. Mkigombana, waiteni wazee.

Ndugu wananchi, sisi polisi nasi tuna wajibu: kumpokea mwenye malalamiko kwa heshima, na kuifanyia kazi taarifa yake ingali ya moto. Mkiona tunachelewa, mwambieni mkuu wa kituo, nanyi mna haki ya kujibiwa. Lakini msichukue fimbo mkononi kwa sababu ya nukta. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu humkuta babu gerezani.

 Sasa tuko tayari kwa maswali yenu.