Sindano ya Seli Shina: Uliza Kabla ya Kulipia Goti



Mada ya leo ni goti. Mgema hupanda mnazi kwa goti, mvuvi husukuma chombo majini kwa goti, na mwendeshaji wa bodaboda hutegemea goti kila anaposimamisha pikipiki. Likiumia, riziki ya nyumba nzima huyumba. Ndiyo maana tangazo linaloahidi sindano moja ya seli shina, na goti kuwa jipya, huvutia. Mwenye maumivu anaweza hata kuuza ng'ombe au kipande cha shamba ili alipie.

Basi ni vyema kujua kinachouzwa. Mifupa inapokutana gotini hufunikwa na gegedu, ile sehemu nyeupe inayoteleza ambayo kila mtu huiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Gegedu halina mishipa ya damu. Kidonda cha ngozi hupona kwa sababu damu hukiletea vya kujitibu. Gegedu halipati msaada huo. Tangu mwaka 1743, daktari William Hunter aliandika kwamba gegedu likishaharibika halirudi.

Seli shina ni seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Hupatikana kwenye uboho, kwenye mafuta ya mwili na kwenye damu ya kitovu cha mtoto mchanga. Tumaini la wanasayansi ni kwamba zikiwekwa palipoumia zitajenga gegedu.

Tumaini hilo lina msingi. Katika miaka ya 1980, daktari Richard Steadman wa Marekani alianza kutoboa vitundu vidogo kwenye mfupa chini ya jeraha ili seli za uboho zipande juu. Kinachoota mara nyingi hufanana na kovu, si imara kama gegedu la asili. Mwaka 1987, madaktari wa Uswidi walianza kuchukua seli za gegedu la mgonjwa mwenyewe, kuzikuza maabarani na kuzirudisha gotini. Matokeo ya wagonjwa 23 yalichapishwa mwaka 1994. Hizo hazikuwa seli shina, lakini zilifungua njia. Mwaka 2012, Korea Kusini iliidhinisha dawa ya seli shina kutoka damu ya kitovu.

Njia zote hizo ni za upasuaji, kwa wagonjwa waliochaguliwa baada ya vipimo. Sindano ya kuchomwa na kurudi nyumbani ni jambo jingine. Mwaka 2023, utafiti uliofanyika Marekani kwa wagonjwa wapatao 475 wenye magoti yaliyolika ulilinganisha aina tatu za tiba ya seli na sindano ya kawaida ya steroidi. Baada ya mwaka mmoja, hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyoishinda. Mwaka 2018, pia huko Marekani, wagonjwa 12 walilazwa kwa maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa za damu ya kitovu.

Je, mwenye goti bovu afanye nini? Aanze kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na ikihitajika apewe rufaa hadi Msambweni. Eksirei huonyesha mfupa. Gegedu lenyewe huonekana vizuri zaidi kwa kipimo cha MRI. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, chini ya mtaalamu wa viungo, huwapunguzia wengi maumivu. Mwenye uzito mkubwa akipunguza kilo 1, goti hupunguziwa mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua.

Asikawie hospitali yule ambaye goti limevimba ghafla baada ya kuumia, limekwama halikunjuki, haliwezi kukanyagiwa, au limekuwa jekundu na moto pamoja na homa.

Na anayeuziwa sindano ya seli shina aulize maswali manne. Seli hizi zimetoka wapi? Je, Bodi ya Dawa na Sumu imeziidhinisha kwa goti? Daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari, na ni mtaalamu wa mifupa? Goti likivimba usiku, nani atalishughulikia? Akiambiwa kwamba ni utafiti, aombe kuona kibali cha kamati ya maadili, na asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Akitozwa fedha nyingi ili ashiriki, ashuku.

Huenda siku moja tiba hii ikathibitishwa na kufika pwani. Kwa sasa, kabla ng'ombe hajauzwa, goti lipimwe kwanza, na mgonjwa aende na mtu wa nyumbani kwake wa kusikiliza pamoja naye.