Daftari la Duka ni Shahidi wa Ukoo



Mzee wa Ilagala akiulizwa alizaliwa mwaka gani, mara nyingi hujibu kwamba mambo hayo hayakuandikwa. Lakini akiulizwa mama yake alimtuma chumvi duka gani, hunyoosha kidole mara moja: pale penye mwembe, kando ya njia iendayo kivukoni. Hutaja bei, sarafu aliyoifumbata mkononi, na jinsi mwenye duka alivyomwita kwa jina la babu yake. Katika jibu hilo la pili mna wakati, mahali na ukoo. Basi madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza namna kumbukumbu za maduka ya kale zinavyoweza kumsaidia mwanachama kuijua nasaba yake, na wajibu wa katibu katika kazi hiyo.

Jambo hili si la kupitisha wakati. Ilagala iko karibu na mahali Mto Malagarasi umwagikapo katika Ziwa Tanganyika. Waha, Watongwe, Wabwari, Wabembe na Wamanyema wamekutana katika mwambao huu kwa uvuvi, mawese na biashara, na asili ya baadhi yao ni ng'ambo ya ziwa. Katika mkoa wa mpakani, mtu aombapo kitambulisho cha Taifa huulizwa habari za wazazi na babu zake. Adaipo shamba, huulizwa ni nani aliyelifyeka kwanza. Asiye na cheti wala habari ya uhakika huweza kuitwa mgeni katika kijiji alichozikwa babu yake.

Duka lilikuwa kalenda ya wasiojua kusoma. Neno "hela" lenyewe limetokana na heller, sarafu ndogo ya Wajerumani. Tangu mwaka 1904, heller 100 zilikuwa rupia 1. Mzee wa leo hakuzitumia, lakini bibi yake huenda alizisimulia. Wabelgiji waliitwaa Kigoma mwaka 1916, nao Waingereza wakaipokea kwao mwaka 1921. Ndipo ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, pamoja na senti 10 yenye tundu na jina la mfalme, na mwaka 1966 ikatolewa shilingi ya Tanzania. Ikumbukwe kwamba sarafu huonyesha tukio halikutangulia mwaka fulani. Haionyeshi kwamba lilitokea mwaka huohuo.

Yapo na matukio mengine ya kupimia. Meli ya Liemba ilianza kazi kwa jina hilo mwaka 1927. Operesheni ya kuhamia vijijini ilianza Kigoma mwaka 1972, na mahame mengi yakabaki na miembe na michikichi tu. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili yashikwe na maduka ya ujamaa. Mzee akisema, "Baba alifariki kabla duka halijafungwa," amekwisha kutaja mpaka wa miaka.

Chukua mfano wa kijana ajuaye tu kwamba babu yake alikuwa mvuvi aliyetoka ng'ambo. Asianze kwa kuuliza kabila. Aulize kwanza babu alikopa wapi nyuzi za nyavu, na nani alimdhamini. Mwenye duka hakumkopesha mgeni pasipo mdhamini, na mdhamini kwa kawaida alikuwa ndugu, shemeji au mwenyeji aliyempokea. Kisha aulize merikani na kaniki za arusi zilichukuliwa kwa jina la nani. Mwisho aulize swali lililo kubwa kuliko yote: babu alipofariki, nani alilipa deni lake dukani? Watu waweza kubishana juu ya urithi, kwani urithi hupendwa na wengi. Deni halipendwi na mtu. Aliyejitokeza kulilipa alijihesabu kuwa mtoto wa marehemu au nduguye wa damu, na jamaa wa aliyelipa ndio wa kutafutwa.

Pamoja na hayo, tahadhari inahitajika. Ushahidi wa mzee mmoja hautoshi. Ulinganishwe na wa mwingine wa nyumba nyingine. Majina nayo hubadilika: mtu mmoja huweza kuandikwa kwa jina la mtoto wake, la kazi yake au la kijiji alikotoka. Tena deni ni siri. Atakayefungua daftari la kale kwa ajili ya kuaibisha watoto wa mdaiwa ataharibu kazi nzima.

Sasa wajibu wa katibu. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kila ofisi ihamapo, karatasi hupotea, na kurasa za leja huishia kufungia karanga. Hata hivyo, daftari la wanachama lililotunzwa vizuri huwa na jina la mtu, kijiji chake, siku aliyojiunga na mrithi aliyemteua. Ukurasa mmoja wa namna hiyo waweza kuwa maandishi pekee ya mkulima katika maisha yake yote.

Kwa hiyo yafaa mambo matatu yafanyike. Kwanza, daftari lolote la zamani lisichomwe wala kuuzwa. Liwekwe ndani ya sanduku, mbali na mchwa na mvua. Pili, kila chama kiteue vijana wawili wawatembelee wazee, wakiandika duka, bidhaa, sarafu, mdhamini na aliyelipa deni. Tatu, nafasi ya mrithi katika daftari la leo isiachwe wazi.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ukoo nao ni mali. Wazee waliotumwa chumvi enzi za senti yenye tundu wanazidi kupungua, na kila azikwapo mmoja, duka zima hufungwa.