Swali Linalopaswa Kwenda Arusha: Mgongano wa Sheria za Jumuiya na Sheria za Nchi



Mwaka 1970 Mahakama Kuu ya Kenya ilikutana na swali ambalo wengi wetu hudhani ni la juzi. Kulikuwa na mashtaka yaliyofunguliwa chini ya sheria ya kulinda siri iliyotungwa na Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki mwaka 1968. Sheria hiyo ilitaka kibali cha maandishi cha mwanasheria wa Jumuiya kabla mtu hajashtakiwa. Katiba ya Kenya, kwa upande wake, ilisema Mwanasheria Mkuu hapokei maagizo ya mtu yeyote katika kazi ya kushtaki. Nani atangulie? Mahakama ikajibu bila kigugumizi: Katiba. Sheria ya Jumuiya ikabatilika kwa kiasi ilichogongana nayo. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki nayo ikaafiki. Hilo ndilo shauri la Okunda, na tukiusoma Mkataba wa 1999 wa Jumuiya ya sasa ni vigumu kutoliona likichungulia nyuma ya Ibara ya 8.

Ibara ya 8(4) inasema vyombo, taasisi na sheria za Jumuiya zitatangulia zile za kitaifa zinazofanana nazo, katika mambo ya kutekeleza Mkataba. Hiyo tumeikariri. Inayofuata, 8(5), ambamo nchi wanachama ziliahidi kutunga sheria za kuupa utangulizi huo nguvu, tunairuka. Ndiyo maana leo tuna ukuu wa aina mbili: wa Mkataba na wa Katiba za nchi. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 64(5), inabatilisha sheria yoyote inayokiuka Katiba. Ibara ya 2(6) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaupokea mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria za nchi, lakini 2(4) inabaki palepale ikilinda Katiba. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imekwenda mbele kidogo: Ibara ya 215 ya Katiba yake huweka mikataba iliyoridhiwa juu ya sheria za kawaida, kwa sharti kwamba upande wa pili nao uitekeleze.

Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, ilipouonja ukuu wake kwa mara ya kwanza, ililipia. Novemba 2006, katika shauri la Anyang' Nyong'o na wenzake, ilitoa zuio la muda dhidi ya wabunge wa Kenya waliopelekwa Bunge la Afrika Mashariki bila uchaguzi unaotakiwa na Ibara ya 50. Hata mwezi haukuisha kabla wakuu wa nchi hawajapitisha marekebisho ya Mkataba: sababu za kuwaondoa majaji zikaongezwa, na mwananchi akapewa miezi miwili tu ya kufungua shauri. Miezi miwili! Mdai wa kawaida hutumia muda huo kutafuta wakili tu. Hata hivyo Machi 2007 Mahakama ilishikilia msimamo wake, na Kenya ikarudia uchaguzi.

Tusiisifu Mahakama hiyo kwa uwezo ambao haijajipa. Desturi yake ni kutamka kwamba sheria fulani inakiuka Mkataba. Kuirekebisha ni kazi ya nchi yenyewe, ambayo chini ya Ibara ya 38(3) inatakiwa kutekeleza hukumu bila kuchelewa. Machi 2019 ilitamka hivyo kuhusu sheria ya Uganda iliyotofautisha ushuru wa sigara zinazotengenezwa nchini humo na zile za nchi nyingine za Jumuiya. Mwezi huohuo ikatamka hivyo kuhusu vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016. Marekebisho ya sheria hiyo yalikuja 2023.

Njia ya mkato ya kuutatua mgongano huu ipo, ila inapita mezani kwenu, waheshimiwa mahakimu. Ulaya mambo yalianzia Milano, kwa wakili aliyegoma kulipa bili ya umeme ya lira 1,925. Hakimu wa ngazi ya chini kabisa ndiye aliyepeleka swali kwenye Mahakama ya Ulaya, Luxembourg, na kutoka hapo ikazaliwa hukumu ya Costa ya 1964 iliyosimika ukuu wa sheria za Ulaya. Sisi tunayo Ibara ya 34, yenye mlango uleule. Mahakama yetu ilizinduliwa 2001, lakini swali la kwanza la namna hiyo lilifika 2014, kutoka Mahakama Kuu ya Uganda. Jibu lilikuja Julai 2015: kuutafsiri Mkataba ni kazi ya Arusha, si ya mahakama za nchi.

Najua mnawaza mlundikano wa mashauri. Lakini Ibara ya 34 inamwachia hakimu mwenyewe apime kama hawezi kuamua bila jibu hilo. Akiona hawezi, aandike swali moja au mawili, mafupi, yanayohusu maana ya Mkataba na si ukweli wa kisa, kisha aahirishe. Mashahidi, vielelezo na hukumu vinabaki kwake.