BANGI, SHERIA NA AMANI: JE, INAFAA KURUHUSU MADAWA YA KULEVYA?

  

Juma hili tunajibu ulizo lililotufikia mara nyingi: kwa nini serikali isiruhusu bangi, watu wavute kwa uhuru kama wanavyokunywa bia, ili vijana wetu waache kukamatwa? Ulizo hili si la wahuni. Limeletwa pia na wamama waliouza kitenge chao cha mwisho ili kumtoa mtoto kashoni. Basi tusilijibu kwa makelele.

Sheria ya Kongo imekataza bangi tangu wakati wa ukoloni, na nchi yetu ni mshirika wa Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1961 juu ya madawa ya kulevya. Lakini niambieni, ni soko gani ambapo bangi haipatikani? Kanyanga nayo imekatazwa, na wote tunajua ni watoto wangapi wanalipiwa minervali kwa kanyanga. Sheria ikikataza jambo ambalo kila mtu analiona, mwenye kufaidika ni yule anayeuza ruhusa ya kulifanya.

Wanaotaka uhuru wa madawa hutoa mfano wa Marekani. Kule walikataza pombe yote kuanzia mwaka 1920. Watu hawakuacha kunywa. Walikunywa pombe ya siri, nyingine yenye sumu, na majambazi kama Al Capone wa Chicago wakatajirika hata wakawalipa polisi na mahakimu. Mwaka 1933 Marekani ikaondoa katazo hilo. Kwa bangi, Uruguay iliiruhusu kwa sheria ya mwaka 2013, na Canada mwaka 2018. Kule serikali inampa muuzaji kibali, inapima nguvu ya kitu chenyewe, inatoza kodi, na mtoto haruhusiwi kununua.

Sasa turudi kwetu. Nani atapima? Nani atatoza? Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimetaja bangi kati ya vitu vinavyowaingizia feza watu wenye silaha huku mashariki. Mtaniambia: ni katazo ndilo linalowatajirisha, ondoeni katazo nao watakosa feza. Nilifikiri sana juu ya neno hilo, maana lina akili. Lakini tazameni kakao ya Beni. Tazameni coltan. Nani alikataza kuuza kakao? Hata hivyo mwenye bunduki anakula kwayo, shambani na kwenye bariera. Mahali ambapo bunduki ndiyo inayotoza kodi, kitu kikiruhusiwa bunduki itatoza tu zaidi, na mchana kweupe.

Kuna jambo lingine ambalo wazungu wa Canada hawakulipima, kwa sababu halikuwa kwao. Huku bangi ni chombo cha vita. Wamepewa kadogo wengi ili woga uwatoke kabla ya kutumwa mbele. Wengine wamerudi nyumbani na bado wanavuta, kwa sababu bila hiyo hawapati usingizi. Na si wao peke yao. Kambini mnao vijana na watu wazima walioona mambo ambayo jicho halipaswi kuona. Waganga wanatuambia kwamba kijana anayevuta sana tangu utoto anajiweka katika hatari kubwa zaidi ya kuugua akili. Kwa hiyo anayevuta ili asahau anaongeza ugonjwa juu ya kidonda. Na Kinshasa, mwaka 2021, vijana walikamatwa na bombé, unga uliotengenezwa kwa kusaga kichungi cha bomba la moshi la gari na kuuchanganya na vidonge. Huo ni umaskini unaotafuta kulewa kwa kitu chochote.

Wazee wengine wanasema bangi ilikuwa ya mababu, tena ilileta amani. Kuna ukweli kidogo. Huko Kasai, katika miaka ya 1870, chifu Kalamba Mukenge na watu wake waliojiita Bena Riamba, yaani wana wa bangi, waliivuta pamoja kama alama ya urafiki. Mkosaji aliadhibiwa kwa kuvutishwa sana. Wasafiri wa Ujerumani, Pogge na Wissmann, walifika kwao mwaka 1881 wakaandika habari hizo. Lakini wakati uleule biashara ya bunduki, pembe na watumwa pamoja na Wachokwe iliendelea. Tena walivuta mahali palipojulikana, mbele ya wakubwa. Maibobo anayevuta peke yake nyuma ya soko saa sita usiku hana baraza lolote linalomtazama.

Basi maoni yangu, kama mtu aliyesoma sheria, ni haya: uuzaji usiruhusiwe sasa, lakini mvutaji asitiwe gerezani. Ureno ilichukua njia hiyo mwaka 2001. Aliyekutwa na kipimo kidogo, kisichozidi cha siku 10, hapelekwi tribinalini. Anapelekwa mbele ya komisyo ndogo yenye mtu wa sheria na watu wa afya au wa huduma ya jamii, nao wanamwelekeza kwenye matunzo. Muuzaji anaendelea kushitakiwa. Lakini msidhani inatosha kuondoa adhabu. Jimbo la Oregon, Marekani, liliiondoa kwa kura ya mwaka 2020, matunzo yakachelewa, watu wakatumia madawa barabarani, na mwaka 2024 adhabu ikarudishwa. Kwetu hata vituo vya afya vinakosa vidonge vya malaria. Ndiyo maana ninawaomba machifu waanze na kile walicho nacho: muuguzi mmoja, mchungaji au imamu, mama mmoja anayeheshimiwa. Wamwite kijana, wazungumze naye na familia yake, na warudie tena mwezi ujao. Baraza hilo si tribinali. Halina ruhusa ya kupiga, kufunga, wala kudai mbuzi.

Wakati sheria haijabadilika, mujue haki zenu. Katiba ya mwaka 2006, artikulo 17, inasema kwamba kila mtu anajibu kosa lake mwenyewe. Mama hakamatwi kwa sababu ya bangi ya mtoto wake. Baba hashikwi mpaka mtoto apatikane. Artikulo 18 inasema aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa luga anayoifahamu, na asikae mikononi mwa polisi kupita saa 48 bila kupelekwa mbele ya mkubwa wa sheria anayestahili. Andikeni saa aliyokamatwa na jina la OPJ. Mkidaiwa lamande, ombeni karatasi yenye muhuri. Asiyeitoa hadai lamande, anadai rushwa. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na shauri lake ni la tribinali ya watoto. Na ninyi mnaowatuma watoto kubeba vifurushi vya bangi kwa sababu hawapekuliwi: sheria ya Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inahesabu kazi hiyo kati ya kazi mbaya kupita zote. Hapo sina la kuwatetea.

Juma lijalo tutajibu maulizo juu ya mashamba ya waliokimbia ambayo yamelimwa na wengine. Kaeni salama.