Tuketi Meza Moja Chuoni



Kifungu cha 2A kilipofutwa mwaka 1991, tulirudishiwa haki ya kuunda vyama vingi. Haki ya kuketi pamoja bila kuulizana kabila hatukuipata siku hiyo.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 yakataza taasisi ya umma, chuo kikuu kikiwemo, kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Lakini sheria huhesabu watu tu. Kusikilizana ni kazi yetu.

Hivyo twawasihi wanafunzi, wahadhiri na wafagiaji waketi meza moja, waulizane: nani ameachwa nje, na kwa nini? Naye mlemavu ambaye darasa lake liko orofani apewe nafasi ya kwanza kusema.

Tusiogope majibu.